Kabla ya kumsajili straika mkongwe, hesabu mipira inayofika ndani ya 18

Dirisha dogo la usajili likikaribia, vijiwe vya Ngamiani hapa Tanga vinaimba wimbo mmoja: "Mleteni mtu mzima, hawa watoto hawajui kufunga." Mtu mzima anayesemwa hapo ni straika wa miaka 34 au 35, jina linalojulikana nchi nzima, kaachwa na timu kubwa na sasa ni mchezaji huru. Ada ya uhamisho hakuna. Shabiki wa Mkwakwani, uwanja wetu wa nyumbani, anayekumbuka kwamba Coastal Union ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988 ana haki ya kutaka mabao, na timu inapomaliza mechi tatu bila kucheka na nyavu, jina kubwa linaonekana kama dawa.

Mimi naamini mkongwe anasaidia. Ila anasaidia katika mita 16 za mwisho, na kidogo katika kuupokea mpira mgongo ukiwa kwa goli. Kama ugonjwa wa timu unaanzia kwa beki wa pembeni asiyepanda au kiungo asiyetazama mbele, utakuwa umenunua ndoano nzuri wakati huna chambo.

Njia ya kuujua ugonjwa ni rahisi, na inahitaji daftari tu. Tazama mechi 6 za mwisho tangu filimbi ya kwanza. Andika mara ngapi mchezaji wenu aliugusa mpira ndani ya 18 ya wapinzani, yaani eneo lao la penalti, mashuti mangapi yalipigwa kutoka humo, na mangapi yalilenga goli. Yale ya mita 30 yanayoamsha jukwaa usiyahesabu. Katika soka la kulipwa, kwa wastani shuti moja kati ya kumi hivi ndilo linalozaa bao, na ya ndani ya 18 yanazaa zaidi ya hapo. Timu iliyopiga mashuti 60 ndani ya 18 katika mechi hizo 6 ikafunga mawili, kweli haina mmaliziaji; mlete mkongwe hata kesho. Timu iliyopiga 15 ikafunga mawili, straika wake hana kosa kubwa. Huyo analetewa mipira miwili au mitatu kwa mechi, na ukimweka mwenye jina mahali pake, naye ataletewa miwili au mitatu.

Mfano wetu wa karibu ni Meddie Kagere. Alizaliwa 1986, akajiunga na Simba 2018, na katika msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi akawa mfungaji bora. Msimu uliofuata alifunga 22, akawa mfungaji bora tena. Umri ulikuwa 32, kisha 33. Lakini tazama waliomzunguka: Clatous Chama akipiga pasi ya mwisho, Emmanuel Okwi (msimu ule wa kwanza) na John Bocco wakivuta mabeki, mabeki wa pembeni wakipanda muda wote. Kagere alikuwa na kazi moja, kuwa mahali sahihi mpira unapofika, na aliijua kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Alipokwenda Singida Big Stars mwaka 2022 idadi ile haikurudi. Ujuzi wa mtu haupotei kwa kubadilisha jezi, ila mipira inayomfikia hupungua.

Upande wa pili wa hoja uko Italia. Desemba 2019 AC Milan ilifungwa 5-0 na Atalanta, ikiwa imefunga mabao 16 tu katika mechi 17 za ligi. Siku chache baadaye ikamrudisha Zlatan Ibrahimović, miaka 38. Mwisho wa msimu ilikuwa na mabao 63, maana yake 47 katika mechi 21 zilizobaki. Yeye mwenyewe alifunga 10 kati ya hayo. Waliofaidika zaidi ni wenzake: Ante Rebić hakuwa na bao la ligi kabla ya Januari, akamaliza na 11. Mabeki wawili walipobanwa na mtu mmoja mwenye mwili mkubwa, pembeni kukawa na nafasi. Hata hivyo tusimpe yeye peke yake sifa zote. Januari hiyohiyo aliingia Simon Kjær nyuma, na kocha Stefano Pioli alibadilisha mpangilio wa timu. Mkongwe alikuta timu inayotengenezwa pande zote.

Sasa tuseme daftari limekubali na mtu kasajiliwa. Kosa la kwanza la makocha wengi ni kumtumia kama alivyokuwa na miaka 26, kumpigia mipira mirefu nyuma ya mabeki akimbie. Mbio ndizo zinazokwenda kwanza na umri. Kinachobaki, na mara nyingine kinachozidi, ni hatua mbili za mwanzo: kujua lini asimame nyuma ya bega la beki asipoonekana, na lini achomoke mbele yake kwenda mlingoti wa karibu. Hatua hizo ni za mita 2 au 3, na mwenye miaka 35 bado anazo.

Kwa hiyo badilisha aina ya krosi. Krosi ya juu inayoning'inia kutoka mita 30 inampa beki kijana muda wa kurudi na kuruka, na huyo atamzidi mkongwe kwa kuruka. Krosi inayomfaa ni ya chini, winga akifika karibu na mstari wa goli kisha akaurudisha mpira nyuma kuelekea nukta ya penalti. Mabeki wakati huo wanakimbia wakitazama goli lao wenyewe, hawamwoni aliyesimama nyuma yao. Na kwa kuwa straika yuko nyuma ya mpira, kuotea hakupo. Mazoezi yake: winga mmoja kila upande, mipira 15 kulia na 15 kushoto. Straika haruhusiwi kuanza kusogea mpaka winga ainamishe kichwa kuutazama mpira. Akianza mapema anafika mbele ya mpira, na hapo hana cha kufanya ila kurudi kinyumenyume.

Kupokea mpira akiwa na mgongo kwa goli nako kuna utaratibu wake. Anasimama ubavu, mkono mmoja ukimpima beki alipo, na pasi lazima iende kwenye mguu ulio mbali na beki. Pasi ikienda mguu wa karibu, beki ananyoosha wake tu na kuugusa. Muhimu kuliko hilo, kiungo awe tayari mita 8 hadi 10 kutoka kwake kabla pasi haijapigwa. Tatizo ninaloliona mara kwa mara kwenye timu zetu ni kwamba straika anautunza mpira sekunde tatu, nne, akigeuka kutafuta mtu anakuta jezi za wapinzani. Jukwaa linamzomea aliyepoteza mpira, wakati wa kuzomewa ni kiungo aliyebaki mita 25 nyuma.

Kukaba ndiko kwenye gharama, na hapa nawaomba makocha wasijidanganye. Straika mkongwe hawezi kuwakimbiza mabeki wa kati dakika 90. Ukimlazimisha, atafanya dakika 20 kisha ataacha, na kuacha kwake katikati ya mpango ni kubaya kuliko kutokufanya kabisa. Beki wa kati wa wapinzani anavuka na mpira bila kubughudhiwa, kiungo wenu mkabaji analazimika kutoka kumfuata, na nyuma yake linafunguka shimo ambalo namba kumi wao, mchezeshaji anayekaa nyuma ya straika, alikuwa analisubiri. Njia ninayoipenda ni 4-4-2, mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili: kijana anakimbiza, mkongwe anasimama kati ya beki wao na kiungo wao wa chini na kuziba pasi hiyo moja tu. Kazi hiyo ni ya kutembea na kugeuza shingo. Halafu timu nzima ianze kukaba mita 10 chini zaidi, karibu na mstari wa katikati. Bei yake ni kwamba mtaupata mpira mbali na goli la wapinzani, hivyo mnahitaji winga angalau mmoja mwenye mbio za kweli. Kama winga huyo hayupo, pesa ya usajili iende kwake kwanza.

Dakika. Wiki tatu za mwanzo asizidi 25 hadi 30 kwa mechi, akitokea benchi. Roger Milla hakuanza mechi hata moja ya Kombe la Dunia 1990, akiwa na miaka 38, na bado alifunga mabao 4. Mawili kati ya hayo aliwafunga Colombia katika muda wa nyongeza, mabeki wakiwa hoi. Mguu wenye akili ukikutana na miguu iliyochoka, umri unasahaulika. Akizoea, aanze na kutoka dakika ya 55 au 60. Kanuni inaruhusu kubadilisha wachezaji 5 katika vipindi vitatu vya kusimamisha mchezo, mapumziko yasihesabiwe, kwa hiyo kocha hana kisingizio.

Lakini kuingia kutoka benchi kuna hatari yake. Kijana anapasha misuli dakika 5 na kuingia. Mkongwe anahitaji 10 hadi 12, pamoja na mbio 3 au 4 za mita 20, ya mwisho ikiwa karibu na kasi yake kamili. Kinachotokea ni kwamba timu inafungwa dakika ya 70, kocha anamwita kwa mkono, anavua fulana, anaingia, na mpira wa kwanza anaukimbilia kwa nguvu zote. Msuli wa nyuma ya paja unakatika hapohapo, na wiki sita zimekwenda. Mwambie wakati wa mapumziko kwamba ataingia dakika ya 65, ajipange.

Msuli huo una kinga nzuri isiyohitaji gym. Anapiga magoti kwenye mkeka, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole, kiwiliwili kimenyooka, akizuia mpaka asiweze tena ndipo ajidake kwa mikono. Seti 3 za mara 6, mara moja kwa wiki, mapema baada ya mechi na si katika siku mbili kabla ya mechi inayofuata. Timu zinazolifanya zoezi hili kwa nidhamu zimepunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Wiki ya kwanza litamuuma, asiliache.

Joto la Tanga nalo liwekwe kwenye hesabu. Saa kumi jioni mwezi Februari, kaskazi ikivuma na unyevu umejaa hewani, mchezaji anaweza kutoa zaidi ya lita 1 ya jasho kwa saa. Mpime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua irudishwe kwa lita 1.5 taratibu. Madafu yanafaa, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho linatoa chumvi zaidi. Kwa hiyo aweke chumvi kidogo kwenye kinywaji au kwenye chakula.

Kuhusu safari, mimi ningembakiza. Basi la kwenda Bukoba ni zaidi ya kilomita elfu moja, na nyonga na mgongo wa mtu wa miaka 35 vinashika kutu kwenye kiti kile. Anahitaji saa 72 kurudi vizuri baada ya mechi, na safari inazila. Atunzwe kwa ajili ya Mkwakwani, ambako timu inaushika mpira zaidi na krosi ni nyingi, ugenini wapewe vijana wenye mbio.

Kabla ya kusaini, usimuulize mabao aliyofunga maishani. Uliza dakika alizocheza katika miezi 12 iliyopita na mechi alizokosa kwa majeraha. Kisha mpe mbio 6 za mita 30, mapumziko sekunde 30 kati yake, na saa ya mkononi. Mbio ya sita ikiwa nzito kuliko ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 10, hayuko tayari, hata kama ya kwanza ilipendeza. Alale chali, kisigino kimoja juu ya benchi, ainue nyonga mara nyingi awezavyo. Mguu mmoja ukifika 25 na mwingine 15, huenda kuna jeraha ambalo hajalisema. Mkataba uwe wa miezi sita, mshahara wa wastani na nyongeza kwa kila mechi anayocheza.

Na daftari lile liendelee. Baada ya mechi 6 za kwanza akiwa uwanjani, rudia hesabu ileile kwa safu zilezile. Kama miguso ndani ya 18 imepanda na mabao bado, mwache, mabao yako njiani. Kama miguso imebaki palepale, jioni inayofuata ya mazoezi anza na mawinga na beki wa kulia, naye asimame tu kwenye nukta ya penalti akisubiri.