Umeushika, au umeuomba ukae?

Ami aliligusa pande langu la mwembe, lililofungwa kwenye mashine ya kukereza ili liwe bakuli, kwa kidole kimoja, akauliza: "Mti huu umeushika, au umeuomba ukae?" Nikamjibu, "Nimeushika, Ami." Akasema, "Haya, simama mbele yake uwashe." Nilijitenga kando ndipo nikawasha mashine, naye akacheka na kurudi kwenye matendegu yake ya kitanda. Harusi ya binamu imepita salama na mitihani ya muhula nimeisahihisha, lakini kicheko kile hakijanitoka.

Kinachoniuma ni kwamba mti ulikuwa umeshikwa. Bamba la chuma nilikuwa nimelifunga kwa skrubu upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, kwa sababu sehemu hiyo itachimbwa na matundu yatatoweka pamoja na chenga. Kisha nikakereza mgongo, na chini yake nikaacha ulimi mfupi wa mviringo, upana wake ukikaribia duara la meno manne ya kishikio, kile chombo cha mashine kinachouma mti, yanapokuwa karibu kufumba, maana hapo ndipo meno huukumbatia mti badala ya kuudunga kwa ncha zake. Nilipoligeuza pande, bega la ulimi lilikaa sawasawa juu ya meno, na ncha ya ulimi haikugusa sakafu ya kishikio. Ingeigusa, bega lingebaki hewani na bakuli lingeyumba. Nikalisogezea kichwa cha nyuma cha mashine kulishikiza katikati, nikalizungusha kwa mkono nione kama linapita bila kukwaruza egemeo la patasi, nikaanza kwa mwendo wa chini kabisa. Ami, ambaye hasomi gazeti bila miwani, aliyaona yote hayo.

Juzi usiku, nikiyarudia maneno yale kwa mara nyingine, nikakumbuka anavyosimama yeye mwenyewe. Tangu utoto wangu sijapata kumwona akiwasha mashine huku amelikabili bakuli. Husimama kando daima, hata kama mti ameushika kwa mikono yake, kwani mti wenye ufa uliojificha hauulizi nani aliyeufunga. Basi mzee alinitega! Mtego sikuuingia, wala hakujisumbua kuniambia kwamba sikuuingia, na kwa hilo bado ninamdai neno moja tu la "vyema". Kesho nikianza kuchimba ndani, nitamwomba kwa adabu zote asimame mbele.

Mama naye anasema maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi, na kaskazi bado inavuma. Sijui tutayachota wapi mpaka mvua za masika.