Siku moja maishani mwangu: natazama mikono ya watu mpaka alfajiri

Saa nane mchana

Naamka. Nikimwambia mtu nafanya kazi kasino, swali la kwanza huwa nimeshashinda shilingi ngapi. Mfanyakazi hachezi kasino anayofanyia kazi, na kwa niliyoyaona sina hamu ya kucheza hata ya jirani. Kazi yangu ni kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, hapa hapa Dar es Salaam, nikitazama mikono ya watu kwenye skrini. Kabla ya hapo nilikuwa dila, yule anayegawa karata mezani. Ndiyo maana walinipandisha chumba cha kamera: aliyewahi kugawa anajua mkono mnyoofu unavyokwenda.

Mchana nafua, napika, naoga. Hamna la kusimulia hapo.

Saa kumi na moja jioni

Nashuka daladala Kariakoo, natembea kidogo kupata gari la pili. Kwenye kona kuna kundi limezunguka boksi lililopinduliwa. Pata potea. Karata tatu, mbili nyeusi na moja nyekundu, na jamaa mwenye sauti kuliko muuza mitumba.

Nasimama pembeni kuangalia vidole vyake, kama fundi cherehani anavyoukagua mshono wa mwenzake. Mkono wa kulia umeshika karata mbili, moja juu ya nyingine, nyekundu ikiwa chini na imeonyeshwa kwa kila mtu. Mkono unashuka, unatupa. Jicho lako linaamini iliyoanguka ni ya chini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na boksi. Kumbe ameachia ya juu. Hakuna kasi yoyote hapo. Watu hudhani ni wepesi wa mkono, na ndiyo maana wanajiona wakikaza macho watamkamata. Kasi ingemharibia kazi. Anachohitaji ni mtupo wa uongo ufanane kabisa na mtupo wa kweli.

Halafu kuna kona iliyokunjwa. Jamaa anageuka kidogo kugombana na mtu, na "mteja" mmoja anakunja kona ya karata nyekundu huku akikukonyeza wewe mgeni: umeona? Sasa una siri, una uhakika, unaingiza mkono mfukoni. Karata zinatupwa upya. Kona iliyokunjwa ipo pale pale inakungoja. Unaweka pesa yako yote juu yake, unaifunua, nyeusi. Wakati wa kutupa ameinyoosha ile nyekundu kwa kidole na kuikunja nyingine. Na huwezi hata kulalamika, kwa sababu utasema nini? Kwamba ulikuwa unajaribu kumwibia?

Hata ukiijua mikono yake huli kitu. Ukiangukia karata sahihi, mmoja wa wenzake anaweka dau kubwa kuliko lako na jamaa anapokea la huyo tu. Au mtu anapiga kelele "askari!" na boksi linaruka. Kila uliyemwona akishinda pale ni wa kwao. Kijana mmoja mwenye begi la safari alikuwa anasogea, nikamwambia, "Mdogo wangu, gari lako litakuacha." Aliniangalia vibaya, lakini aliondoka.

Saa moja na nusu usiku

Sisi wa kamera tuna mlango wetu. Hatuli meza moja na madila, hatupandi nao gari moja kwenda nyumbani, na waliokuwa rafiki zangu wakati nagawa sasa tunasalimiana kwa mbali. Inauma kidogo. Lakini mtu unayemchunguza usiku hafai kuwa mtu uliyemkopa juzi.

Napokea zamu: kamera zipi zina ukungu, mteja gani aligomba, meza zipi zitafunguliwa. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina masharti yake, na chumba hiki kinapaswa kuwa na mtu muda wote wa mchezo.

Nikiwa na mwanafunzi mpya namwanzishia hapa: kila utaratibu wa mezani una mwizi nyuma yake. Dila anavaa aproni inayofunika mifuko, kwa sababu kuna aliyewahi kuitumia mifuko. Akitoka mezani anapiga makofi mepesi na kugeuza viganja juu na chini. Wageni hudhani ni mbwembwe, kumbe anaionyesha kamera kwamba hakuna chipu, kile kisahani kinachotumika mezani badala ya pesa, iliyobanwa kiganjani. Mchezo wa ishirini na moja (blackjack) karata zinagawiwa wazi na mchezaji haruhusiwi kuzigusa, kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wanabana karata moja kiganjani na kuibadilisha na waliyopewa. Kwenye ruleti, mchezo wa gurudumu la namba na mpira, dila anapitisha mkono juu ya meza kufunga madau, kisha anaweka kidoli, kialama kidogo, juu ya namba iliyotoka kabla ya kulipa mtu yeyote, kwa sababu wapo mafundi wa kusukumia chipu baada ya mpira kutulia.

Na sanduku la kugawia. Ndani yake zinakaa jozi sita za karata 52, jumla 312, zinatoka moja moja mdomoni. Zamani dila alishika jozi mkononi, na mkononi mwa fundi kuna mambo mawili ambayo hata mimi, nikiwa nimekaa mbele yake, siwezi kukuapia kwamba nimeyaona. La kwanza ni kugawa ya pili: karata ya juu inarudishwa nyuma kidogo kwa dole gumba na inayofuata ndiyo inatoka, ili ile nzuri imngoje mwenzake. La pili ni kuvuta ya chini. Sanduku lilimaliza ubishi wote huo, likatuachia kazi ya kukagua sanduku lenyewe.

Saa tatu usiku

Kumepoa. Watalii wawili kwenye ruleti, wafanyabiashara wa kawaida kwenye poka. Mwenzangu mgeni kazini amekaza macho kwenye vidole vya dila. Namwambia aanzie kwenye pesa: nani ameongeza dau ghafla, nani anashinda zaidi ya mchezo unavyotaka, nani anaangalia watu badala ya karata. Ukishampata huyo ndipo urudi kwenye vidole.

Kuna mmoja anahesabu karata kichwani, anafuatilia zilizotoka ili akisie zilizobaki, na midomo inamsaliti. Namwacha. Kwangu mimi huyo si mwizi, hakugusa kitu, anatumia akili yake. Nampigia simu pit bosi, msimamizi wa eneo la meza, ili karata zichangwe mapema, hesabu yake ianze upya. Basi.

Mwenzangu anauliza kama mtu anaweza kudanganya bila kugusa karata kabisa. Namsimulia ya London. Agosti 2012, kwenye kasino ya Crockfords, Mmarekani Phil Ivey, mcheza poka maarufu, alishinda pauni milioni 7.7 kwenye bakara, mchezo wa karata ambao upande uliokaribia tisa ndio hushinda. Migongo ya karata zile ilikuwa na maua yaliyokatwa bila usawa, upande mmoja mrefu ukitofautiana kidogo na mwingine. Mwanamke aliyekuwa naye alimwomba dila ageuze karata fulani kichwa chini miguu juu, ati kwa ajili ya bahati, na dila akakubali. Wakaomba pia karata zile zile ziendelee kutumika na zichangwe na mashine, kwa sababu mashine haizigeuzi. Baada ya muda, karata za saba, nane na tisa zilikuwa zimeelekea upande mmoja, nyingine zote upande mwingine, na Ivey alizisoma kwa mgongo kabla hazijafunuliwa. Kasino ilikataa kumlipa, akaishtaki. Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikamkatalia. Mahakama zilikubali kwamba yeye mwenyewe aliamini hajadanganya, na bado ikaamuliwa kwamba ule ni udanganyifu.

Mwenzangu yuko upande wa Ivey. Mimi nasema ningekuwa zamu ile nisingemtazama Ivey kabisa. Ningemtazama dila, anayefanya jambo lisilokuwemo kwenye utaratibu kwa sababu mteja mwenye pesa nyingi ameomba kwa upole. Sisi hapa, kila zinapochangwa, sehemu ya karata inageuzwa nusu duara.

Saa sita kasoro

Meza ya ishirini na moja iliyo karibu na baa. Kiti cha kwanza, kushoto kwa dila, amekaa kaka mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, dau lake chipu mbili za njano kila mkono, yaani kila mzunguko wa mchezo. Ameshinda kidogo kidogo tangu saa nne. Si kiasi cha kutisha. Kilichonivuta ni kwamba ni mtu wa kupenda unadhifu: mara kwa mara ananyoosha mnara mdogo wa chipu za dau lake kwa vidole viwili. Nikagundua ananyoosha akishinda tu. Akipoteza, chipu zikae upande, zianguke, hazigusi.

Nikarudisha picha nyuma.

Kanuni ya malipo ni hii: dila anaanza kulipa mkono wake wa kulia na kuishia kushoto. Kiti cha kwanza kinapata karata mapema na kulipwa mwisho. Dila anapolipa kiti cha mwisho, uso wake wote umegeukia huko, na huko kuna dada anayechagua sekunde hizo hizo kuuliza, "Samahani, hii umenilipa ngapi?" Kaka anapeleka mkono kunyoosha. Kiganja kimetazama chini, kidole gumba kimebana ndani kidogo kuliko inavyohitajika. Mkono unapoondoka, kidole gumba kimelegea.

Nasimamisha picha kabla, nakuza, nahesabu mistari ya pembeni ya chipu: mbili. Nasimamisha baada: tatu. Nasogeza mbele mpaka mkono mwingine alioshinda. Dada anauliza tena. Mbili, tatu. Anaongeza dau akishajua ameshinda.

Nikapiga simu kwa pit bosi. Hamna anayepiga kelele "mwizi" kwenye kasino, hayo ni ya sinema. Inspekta, msimamizi wa madila, alisogea akasimama nyuma ya dila, dila akasema, "Naomba mikono iwe mbali na dau, jamani," kwa wote, bila kumtazama mtu. Unadhifu ukaisha papo hapo. Dada wa mwisho naye hakuwa na swali tena. Nikahifadhi vipande vya picha vyote, meneja wa zamu akaviangalia, kisha akashuka mwenyewe. "Kaka, samahani, naomba tuzungumze kidogo pale pembeni." Yule kaka alisema alikuwa anapanga tu chipu zake. Meneja akamwonyesha picha. Dada alikuwa ameshafika mlangoni. Hakumsubiri wala hakumuaga.

Ripoti yake ilinichukua muda mrefu kuliko tukio lenyewe. Namba ya meza, namba ya kiti, dakika na sekunde, dila nani, inspekta nani. Chai ikapoa.

Saa nane usiku

Madila wanabadilishana. Huu ndio muda ninaouogopa, na si kwa sababu ya wateja.

Mwaka 2007 waendesha mashtaka wa San Diego, Marekani, walilifungulia mashtaka kundi lililokuwa limezunguka kasino za Marekani na Kanada kwa miaka kadhaa. Hawakuhitaji vidole vya ajabu mezani. Walimhonga dila. Karata zilizokwisha kuchezwa kwenye bakara zilirekodiwa kwa mpangilio wake, kisha wakati wa kuchanga dila akaacha fungu moja zima bila kuchanganyika, mikono ikienda kama kawaida. Fungu lile likirudi mezani, wao wanajua kila karata inayofuata. Mamilioni ya dola yaliondoka hivyo.

Kwa hiyo nikiangalia karata zinavyochangwa siangalii uzuri wa mikono. Nachagua fungu moja kwa macho, tuseme la juu kulia, na kulifuata. Linaoshwa mezani, yaani linavurugwa kwa viganja, linapigwa liingiliane na jingine, linachomolewa kwa mafungu madogo, linapigwa tena, linakatwa. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba jozi moja ya karata 52 inataka kupigwa takriban mara saba ndipo ichanganyike vya kutosha. Huyo Diaconis aliwahi kuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa profesa, hivyo alijua anachokitafuta. Kuchanga kwa mapigo mawili matatu huacha mafungu yakiwa yameshikana kuliko mtu anavyodhani.

Leo dila wa meza ya pili ameruka hatua ya kuchomoa. Fungu langu limebaki juu karibu zima. Simu kwa pit bosi, karata zinachangwa upya, mteja mmoja anasonya. Narudisha picha za saa mbili zilizopita: mara zote nyingine alifuata hatua zote, na mezani hakuna aliyepandisha dau. Amechoka tu, mtoto wake anaumwa, nasikia baadaye. Naiandika vile vile.

Saa kumi na moja alfajiri

Meza zinafungwa. Masanduku ya pesa yanakwenda chumba cha kuhesabia, ambako wahesabuji wanavaa ovaroli zisizo na mfuko hata mmoja, na kila noti inatandazwa chini ya kamera kabla haijafungwa.

Karata za usiku zinaletwa kukaguliwa kabla ya kuharibiwa. Nachukua jozi moja, naishika migongo ikinitazama, nazipeperusha kwa dole gumba, haraka. Karata safi, ua la mgongoni linatulia pale pale kana kwamba unatazama karata moja. Zikiwa na alama, nukta ya wino au mkwaruzo wa ukucha kwenye baadhi yake, ile sehemu inaruka na kucheza kama katuni. Kisha nazilaza chini ya taa na kuangalia kingo kwa pembe, maana kucha ya mteja mvumilivu hukwaruza kidogo kidogo tu. Ree za jozi ya meza ya tano zina kona laini. Naziangalia tena. Ni mafuta ya chipsi kuku. Zimechafuka kopa na shupaza, wakubwa na wadogo, bila ubaguzi.

Zinatobolewa, zinafungwa, nasaini daftari. Kijana wa zamu ya asubuhi ameshafika na anakitaka kiti. Namwonyesha kipande cha yule kaka nadhifu, anakirudia mara tatu, kisha ananiuliza dada wa kiti cha mwisho tunayo picha yake ya uso. Tunayo. Iko ukurasa wa pili wa ripoti.