Siku yangu Dunga: upondo mkononi, Kifungu cha 241 kichwani

Saa kumi na moja alfajiri natoka mtaa wa Nyalenda, Kisumu, mbio hadi ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria. Kijeshi hiyo ni 0500, na ndipo taabu inapoanzia kwangu ninayejiandaa kuingia jeshini, maana mimi nimelelewa na saa ya Kiswahili. Saa tisa alasiri ni 1500, saa mbili usiku ni 2000. Najipima hivyo njia nzima.

Mimi ni msaidizi wa nahodha kwenye boti ya kuzungusha wageni ziwani. Watu hudhani tunalipwa kupunga upepo. Kabla mgeni wa kwanza hajafika nimeshachota maji yaliyoingia usiku, nimefuta viti, tumebeba injini wawili kutoka stoo na nimekagua majaketi ya kuokolea moja moja, hasa mishipi.

Barua yangu ya wito inanipeleka Eldoret, kwenye shule ya makurutu wa KDF, yaani majeshi ya ulinzi ya Kenya. Makurutu wa matawi yote matatu huanzia huko. Mimi macho yangu yako Mtongwe, Mombasa, nyumbani kwa Wanamaji. Jirani yetu mmoja alistaafu huko, mtaa mzima tunamwita Afande. Aliniambia vijana hufanyia miguu mazoezi na kichwa wanakiacha. Basi akanitajia vya kushika: herufi za redio, yaani neno kwa kila herufi kutoka Alfa hadi Zulu, vyeo, kazi za jeshi kwa mujibu wa Kifungu cha 241 cha Katiba, na historia. Jeshi la Wanamaji lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, na meli zake za mwanzo ziliitwa Simba, Chui na Ndovu. Jenerali Charles Kahariri, aliyeteuliwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2024, ni mtu wa Wanamaji. Hilo Afande hulirudia hata bila kuulizwa. Yote nimeyaandika kwenye daftari ninalolihifadhi ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa, lisilowe.

Safari za asubuhi: viboko, ndege, picha, asante, kwaheri.

Saa saba mchana, yaani 1300, akaja baba mmoja na familia yake. Mke akavaa jaketi, watoto wakavaa, yeye akakataa.

"Mkubwa, tafadhali, boti haiondoki hivyo," nikamwambia.

"Kijana, mimi nimeogelea bahari ya Mombasa kabla hujazaliwa."

Nahodha wetu, jaduong', yaani mzee, asiyependa maneno mengi, akazima injini akaanza kusokota kamba. Tukakaa hivyo mpaka mama watoto akamkazia mumewe macho. Akavaa. Akasema linanuka samaki. Kweli linanuka, angetaka linuke nini?

Wakati wa kurudi upepo ukageuka. Asiyelijua ziwa letu hawezi kuamini magugu maji yanavyotembea: ulipopita asubuhi kulikuwa maji matupu, mchana ni shamba la kijani mpaka ufuoni. Panga la injini likakabwa. Tukainua injini, nikainama kuchomoa mizizi kwa mikono. Ni myeusi, ina manyoya manyoya, imejaa konokono wadogo, na ukishaitoa nyingine imeshaingia. Tukaacha injini tukashika upondo. Unachoma, unasukuma, boti inasogea kama hatua moja, magugu yanafunga nyuma yako.

Yule baba akaanza. Mara kwa nini hatukuliona hili, mara ana mkutano, mara anamjua mtu katika serikali ya kaunti. Akapiga simu kweli, mtandao ukakataa. Mimi nilikuwa nasukuma na herufi: choma, Alfa, choma, Bravo, choma, Charlie. Inasaidia pumzi. Binti yake akauliza nasema nini, nikamweleza. Ikawa nikifika Kilo ananitangulia kusema Lima, na ndugu yake mdogo akatetea kwa nguvu kwamba Tango ni tunda. Baba yao hakucheka. Sijui tulizunguka alfabeti mara ngapi. Viganja viliwaka, fulana ikagandia mgongoni, na jua lilikuwa limelalia upande wa ziwa tulipogusa mchanga.

Akalipa nusu. Nahodha akaipokea bila neno, ingawa petroli ya siku hiyo haikuwa nusu. Mimi nisingeipokea, lakini boti si yangu.

Kuosha boti, kurudisha injini stoo, kuhesabu majaketi, kutembea nyumbani. Hakuna aliyekimbia jioni hiyo.

Usiku dada yangu mdogo alichukua daftari. Yeye ndiye mwalimu wangu mkali kuliko wote, na hupenda mitego. Kifungu cha 241, kazi ya kwanza? Kulinda nchi, mamlaka yake na mipaka yake. Ya pili? Kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura na majanga.

"Na hiyo lazima Bunge la Taifa litoe idhini?"

"Hapana. Hiyo wanaripoti tu kwa Bunge. Idhini ni ya tatu, kurejesha amani mahali penye vurugu ndani ya nchi."

Akafungua ukurasa mwingine. "Sasa vyeo, kuanzia chini."

Nikamwambia vyeo ni kesho, mgongo umekataa.