Gofu, sindano na mlima wa Ipogolo

Fomu ya maswali 36 kuhusu hali ya afya, ninayojazishwa kliniki tangu nipandikizwe moyo, naichukia kuliko hata sindano ya shingoni. Ile ya shingoni wanapitisha mrija mpaka moyoni, wanachukua vinyama wapime kama mwili unaukataa moyo mpya. Unavumilia, yanaisha. Fomu haikuachi upesi hivyo. Safari hii kule Chennai, India, walikonipandikiza, nilifika swali linalouliza kama afya yangu inanizuia kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufagilia au kucheza gofu. Gofu! Mimi fundi cherehani wa Kihesa, Iringa. Nesi aliniona nacheka peke yangu, akaja kunipima joto.

Wanauliza pia ngazi: ghorofa moja unaiweza? Ghorofa kadhaa? Nyumba yangu ni ya chini, ila kipimo ninacho: ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini. Moyo ulipotanuka baada ya uzazi wangu wa pili, sikuwa nafika hata kona ya kwanza. Usiku nilikuwa nalala nimeegemea mito mitatu, nikilala chali ni kama nazama.

Sasa napanda, lakini kwa masharti. Daktari alinieleza kwa lugha ya ufundi wangu bila kujua: mishipa ya damu waliishona, ya fahamu ikabaki imekatwa. Kwa hiyo ubongo hauna njia ya kuuambia moyo "kimbia". Moyo unasubiri homoni zije na damu. Nikiwa nimekaa tu unadunda karibu mara 100 kwa dakika. Nikianza mlima unachelewa kushtuka, miguu inakuwa mizito kama ya kuazima. Nikienda polepole dakika tano hivi, unashika. Ni kama fuso la mbao pale Mafinga asubuhi ya Julai, huliwashi ukaondoka hapohapo. Na nikifika juu nikakaa, wenyewe bado uko mbioni.

Mama mkwe habari ya mimi kuacha ulanzi, ile pombe ya mianzi, haimwingii. Dawa zinazozuia mwili kuukataa moyo zinashusha kinga, basi vya kugema na kunywa hivyohivyo nimekatazwa, na maziwa mabichi vilevile. Kila msimu: "Mwanangu, kikombe kimoja tu, au unatuona wachafu?" Nakunywa chai, nanuniwa. Balungi nalo marufuku, linapandisha dawa kwenye damu, lakini balungi silililii.

Ninacholilia ni mikono. Dawa ninazomeza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku zinaitetemesha. Cherehani naimudu, mguu unajua kazi yake. Kutunga uzi kwenye sindano ya mkono ndiyo vita. Fomu inauliza kama nimepunguza muda wa kazi. Nikaweka ndiyo, nesi akapita.

Siku hizi binti wa dada yangu hunitungia sindano kumi kabla hajaenda shule, anazichomeka kwenye kipande cha sponji. Zikiisha kabla hajarudi, navuka barabara na gauni la watu begani, namwomba muuza nyanya.