Mlinganyo wa mstari: anzia kwenye nukta unayoijua

Nikiulizwa ni kitu gani cha aljebra ambacho mtoto asitoke sekondari bila kukielewa, nataja mlinganyo wa mstari mnyoofu. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Mbeya, nachukua Isyonje na kuuza Uyole, na jioni namsaidia binti wa kaka yangu hesabu zake. Juzi aliniletea swali: mstari unapita kwenye nukta (2, 3) na (6, 1), tafuta mlinganyo wake. Alikuwa ameandika y = mx + c juu ya ukurasa, chini yake hakuna kitu.

“Shangazi, m naiona. Hii c naitoa wapi?”

Ni swali zuri, na najua hayuko peke yake, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu.

Tuanze na m, yaani mteremko. Kutoka nukta ya kwanza kwenda ya pili, x imetoka 2 ikafika 6, imeongezeka 4. Nayo y imetoka 3 ikafika 1, imepungua 2. Gawanya badiliko la y kwa badiliko la x: −2 ÷ 4 = −½. Ukitaka kuanzia nukta ya pili kurudi ya kwanza ni sawa tu, utapata 2 ÷ (−4), na jibu halibadiliki. Kinachoharibu kazi ni kuchanganya: kwenye y unatoa kwa mpangilio huu, kwenye x unageuza. Hapo alama ya hasi hupotea na mstari unaoshuka unakuwa unaopanda. Ndiyo maana namsisitiza achore kwanza, hata bila rula. Akiona mstari unashuka kuelekea kulia na m yake ni chanya, anajua kuna mahali pa kurudia.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Ukichagua nukta zozote mbili juu ya mstari mnyoofu, mteremko kati yake ni ule ule, ziwe jirani au mbali. Basi shika nukta unayoijua, (2, 3), halafu chukua nukta nyingine yoyote ya mstari huo, uiite (x, y). Mteremko kati ya hizo mbili lazima uwe −½:

(y − 3) ÷ (x − 2) = −½

Mlinganyo ndio huo. Kazi iliyobaki ni kuusafisha tu. 2(y − 3) = −(x − 2), kwa hiyo 2y − 6 = −x + 2, kwa hiyo x + 2y = 8. Hakiki kwa nukta ya pili: 6 + 2 × 1 = 8. Imekubali. Na c ikitakiwa, yaani thamani ya y pale x ikiwa sifuri, weka x = 0, utapata y = 4. Imejitokeza yenyewe, hukuhitaji kuitafuta mwanzoni.

Sisemi kwamba c haina maana. Kwenye biashara yangu ina maana kubwa. Tuseme mwenye Fuso kanitoza shilingi 45,000 kwa magunia 10 kutoka Isyonje, na safari nyingine 90,000 kwa magunia 25 (magunia ya kipimo; lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni habari nyingine). Magunia 15 zaidi yameongeza shilingi 45,000, kwa hiyo kila gunia ni 3,000. Magunia 10 ni 30,000, lakini nililipa 45,000. Ile 15,000 ya ziada ndiyo c: gharama ya gari kuja tu, hata lisipopakia kitu. y = 3,000x + 15,000. Mfanyabiashara anayeijua 15,000 hiyo anajua kwa nini kukodi gari kwa magunia matatu ni hasara, na kwa nini inafaa kuunganisha mzigo na jirani.

Lakini kuna mahali ambapo sifuri haikuhusu kabisa. Chukua baridi yetu. Kwenye angahewa ya kigezo, yaani hali ya hewa ya wastani iliyokubaliwa, wanayotumia watu wa ndege, usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi, na kilomita 11 juu ni nyuzi −56.5. Nukta mbili hizo: (−56.5 − 15) ÷ 11 = −6.5. Kila ukipanda kilomita moja, joto hupungua nyuzi 6.5. Huo ni wastani, na siku ya ukungu mzito wa milima ya Uporoto mambo huyumba, ila ni wastani mzuri.

Mtu wa Mbeya aanzie wapi? Si baharini. Aanzie Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 500, na tuseme leo kule ni nyuzi 28. Joto liwe T na kimo kwa kilomita kiwe h:

T − 28 = −6.5(h − 0.5)

Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Tofauti na Kyela ni kilomita 1.2, mara 6.5 ni 7.8, hivyo tunabaki na nyuzi 20.2. Kileleni Rungwe, karibu mita 2,960, inabaki kama 12. Ukilazimisha umbo la y = mx + c utapata c ya 31.25, joto la usawa wa bahari, mahali ambapo mzigo wangu haujawahi kupita. Hesabu ni sahihi, lakini mtoto haoni kitu. Akianzia Kyela anaona barabara nzima ya Tukuyu.

Mawazo haya ni ya karne ya 17. Wafaransa wawili, René Descartes na Pierre de Fermat, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha aljebra na michoro. Descartes alichapisha kazi yake mwaka 1637. Fermat aliandika wazi kwamba mlinganyo wenye x na y bila vipeo hutoa mstari mnyoofu, lakini andiko lake lilichapishwa 1679, yeye akiwa ameshafariki.

Mstari uliosimama wima ndio pekee unaokataa njia hii. Nukta (3, 1) na (3, 7): badiliko la x ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna. Usiutafutie m. Andika x = 3, inatosha.

Anayetaka kujipima: tafuta mlinganyo wa mstari unaopita (4, −1), ulio sambamba na x + 2y = 8. Mistari sambamba ina mteremko mmoja, kwa hiyo m unayo tayari. Jibu ni x + 2y = 2. Ukipata kingine, anza kukagua pale ulipotoa −1.