Anayetangulia Kujenga Ndiye Anayelipia Mtaa

Katika mitaa mipya ya Jiji la Tanga, kuanzia Masiwani na Kange hadi huko Pongwe, zipo nyumba nyingi ambazo zimeshapauliwa, zimepigwa lipu na kuwekwa madirisha, lakini hazina umeme, na maji yake bado yanaletwa kwa madumu. Wenye nyumba hizo hawakuishiwa fedha za tofali wala za bati. Wamekwama kwenye mita mia moja au mia mbili zilizobaki kati ya nyumba zao na mahali nguzo ya mwisho na bomba kuu vilipoishia, na kadiri vifaa vinavyopanda bei ndivyo umbali huo mfupi unavyozidi kuwa sehemu ngumu kuliko zote katika ujenzi wa mtu wa kipato cha kawaida.

Kwa upande wa umeme, ilikuwapo miaka michache ambapo mteja wa mjini na wa kijijini alilipa shilingi 27,000 tu kuunganishiwa. Januari 2022 shirika la umeme la taifa, TANESCO, lilirejesha viwango vya zamani kwa maeneo ya mijini: mteja wa umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo, shilingi 320,960, anayehitaji nguzo moja, hadi mita 70, shilingi 515,618, na anayehitaji nguzo mbili, hadi mita 120, shilingi 696,670. Vijijini ada ilibaki 27,000. Watu walilalamika sana, na malalamiko yalieleweka, lakini naamini lazima tukubali kwamba shilingi 27,000 hainunui hata sehemu ndogo ya nguzo, waya na mita ya kupimia umeme, na kwamba pengo hilo lilikuwa linabebwa na mtu mwingine. Ninalolipinga ni namna mzigo unavyogawanywa ndani ya mtaa mmoja.

Tuchukue viwanja vya 20 kwa 30, vyenye upande wa mita 20 unaotazama barabara. Mita 120 hupita mbele ya viwanja sita kila upande, yaani kumi na viwili kwa jumla. Kwa viwango hivyo vya 2022, aliye mwisho wa safu hiyo akitangulia kujenga atalipia nguzo mbili, shilingi 696,670. Wale watakaojenga baada yake watazikuta nguzo zimesimama, na wengi wao wataingia kwenye kundi la mita 30 na kulipa 320,960. Tofauti ni shilingi 375,710, ambayo inazidi ada nzima ya jirani yake. Nguzo hizo si mali yake, haki ya kumzuia mtu kuunganishwa hana, wala hakuna anayemrudishia chochote. Mwenye kiwanja kilicho mbali zaidi ya hapo yuko pabaya zaidi, kwa sababu viwango hivyo vitatu havimfikii na inambidi asubiri laini isogezwe. Matokeo yake kila mtu anamsubiri mwenzake atangulie. Mtaa wenye maboma ishirini, yaani nyumba ambazo hazijakamilika, unaweza kukaa miaka bila nguzo hata moja kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Bei ya vifaa vyenyewe inatoka mbali. Shaba, ambayo fundi anaipitisha ukutani kwa ajili ya taa na soketi, huuzwa kwa bei ya soko la London, na Mei 2024 tani moja ilivuka dola 10,000 za Marekani. Dola yenyewe ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300 mwaka 2022, ikavuka 2,600 mwaka 2024, na katikati ya kipindi hicho waagizaji wengi walihangaika kuipata benki hata walipokuwa na shilingi mkononi. Transfoma zina tatizo lake: chuma maalumu cha kiini chake kinatengenezwa na nchi chache, na tangu 2021 mahitaji ya dunia yameongezeka kuliko uwezo wa viwanda, kiasi kwamba hata mashirika ya umeme ya Marekani yamekuwa yakisubiri transfoma kwa muda mrefu. Nguzo za miti tunazo wenyewe, kutoka misitu ya Nyanda za Juu Kusini, lakini kutoka Mufindi, iliyo katika nyanda hizo, hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, hivyo kila dizeli inapopanda nguzo nayo inapanda kabla haijachimbiwa shimo. Mabomba ya plastiki hufuata bei ya mafuta ghafi kwa sababu malighafi yake hutokana na mafuta na gesi.

Ndiyo maana bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, halikumaliza tatizo la mwenye boma. Umeme wa kutosha kwenye gridi ni jambo moja, na nguzo, waya, transfoma na mita vya kuufikisha mtaani ni jambo jingine.

Katika maji hali ninaiona kwa ukaribu zaidi, kwa sababu hapa mteja ndiye anayegharimia bomba la kutoka kwenye bomba kuu hadi kwake, pamoja na viungio na mtaro. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ina mawe ya chokaa karibu na juu, na vibarua wanaochimba kwa sululu na mtaimbo hutoza kwa mita, wakipandisha bei mara tu wanapougonga mwamba. Mwenye nyumba ambaye fedha zimeanza kupungua hukubali mtaro uishie kina cha kiganja. Bomba jeusi lenye mistari ya buluu hulazwa humo, hufukiwa kwa vifusi vyenye ncha, na lori la kwanza la mchanga likipita juu yake, linapasuka. Nimeona bomba la namna hiyo likiwa limefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli sehemu kadhaa ndani ya mita chache, huku maji yakichuruzika barabarani usiku kucha, na maji hayo mtu anayalipia kama mita yake iko mwanzoni mwa bomba.

Halafu kuna suala la ukubwa. Anayetangulia hununua bomba la robo tatu au la inchi moja, linalomtosha yeye. Baadaye jirani anaomba ajiunge, na mwingine, na mwingine tena, na kumkatalia jirani maji ni jambo ambalo watu wetu hawaliwezi. Kwa familia mbili au tatu linatosha. Zikifika nane, wa mwisho anapata maji saa tisa za usiku tu, na hapo ugomvi unaanza kati ya watu waliokuwa wakikopeshana chumvi.

Katika mtaa mmoja ninaoufahamu wakazi wamejaribu njia nyingine. Waliandika kwenye daftari, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, majina ya wenye viwanja wote, hata ambao hawajaanza kujenga. Mbele ya kila jina wakaandika umbali wa kiwanja, kiasi alichochangia na kiasi anachodaiwa. Walionunua bomba la inchi mbili walikuwa wachache, lakini kila anayekuja kuunganishwa analipa fungu lake kwanza, na fedha hugawiwa kwa waliotangulia kutoa. Udhaifu wake ni kwamba daftari halina nguvu kwa mtu atakayeuza kiwanja na kuondoka, au kwa mnunuzi anayedai hakuambiwa.

Jambo hilo lingekuwa jepesi kama lingefanywa na mamlaka zenyewe: anayelipia nguzo au bomba litakalotumiwa na wengine aandikwe, na kwa muda maalumu kila anayeunganishwa hapo achangie sehemu ya kumrudishia. Fedha za kutanguliza zinaweza kutafutwa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua mfumo wa maji na kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku, na wawekezaji walinunua kuliko kiasi kilichoombwa. Mfumo ukitanuka na bomba kuu likasogea, urefu wa bomba wa kulipiwa na mwenye nyumba hupungua, na hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo.

Kwa wauzaji wa viwanja nina ombi moja, na ninalitoa kwa halmashauri na kwa makampuni ya upimaji vilevile. Ramani ya mauzo huonyesha barabara, shule na mahali pa soko. Iongezewe nguzo ya mwisho ilipo na bomba kuu lilipo, na umbali wa kila kiwanja kutoka hapo kwa mita, ili mtu anayelipa kiwanja kwa awamu ajue tangu siku ya kwanza atatakiwa kutenga kiasi gani baada ya kupaua.