Vile tulivyofanya mpaka supamaketi ikaacha kutukata shoti

Naandika hii manake kila mara kuna dada ama kaka ananiuliza tulifanyaje mpaka shoti zikaisha tawini kwetu, na kumweleza mmoja mmoja kumenishinda. Mimi ni keshia hapa Mombasa, supamaketi kubwa yenye matawi pwani na bara, jina lake silitaji. Wala si yetu peke yake, nimeongea na makeshia wa sehemu nyingi na hadithi ni ile ile.

Kwa asiyejua, shoti ni hivi. Usiku ukifunga kaunta mashine inatoa karatasi inayosema umepokea taslimu kiasi kadhaa, droo inahesabiwa, zikipungua ile tofauti inaandikwa kwa jina lako na mwisho wa mwezi inatolewa kwenye mshahara. Zikizidi zinaingia kwa kampuni, hakuna anayekuambia chukua hizi ni zako. Na usidhani ni wizi. Mteja kasema analipa taslimu ushabonyeza, halafu anageuka anatoa simu analipa M-Pesa, sasa usipoita supavaiza arekebishe pale pale hiyo ni shoti. Foleni imefika mpaka kwenye friji za maziwa, utamwita supavaiza mara ngapi? Halafu kuna ile ya mchana, ukienda kula mwenzako anakaa kwenye kaunta yako, anatumia namba yako na droo yako, na jioni shoti ni ya mwenye namba. Hii ya mchana ndiyo iliyotumaliza wengi.

Sasa angalia mshahara wenyewe. Mwaka 2023 nilikuwa napata 18,000. NSSF, ile akiba ya uzeeni, 1,080, manake viwango vipya vilianza Februari mwaka huo, NHIF ya matibabu 600, halafu Julai ikaja ile tozo ya serikali ya nyumba asilimia 1.5, hiyo ni 270. Kodi ya mapato hukatwi kwa sababu uko chini ya 24,000. Unabaki na 16,050, na hapo hujalipa nyumba Kisauni, hujalipa matatu za usiku ambazo zinajua huna njia nyingine ya kufika nyumbani. Mwezi mmoja shoti ilikuwa 2,300. Elfu mbili na mia tatu, ni unga na mafuta ya nyumba nzima, na hakuna mtu aliyeniita akaniambia ilipotea vipi, nimeikuta tu kwenye peislipu.

Nilipouliza supavaiza akaniambia, dada hiyo ni sera ya kampuni, ndivyo ilivyo tangu zamani, na nje kuna watu wanalia kazi. Na hilo la watu kulia kazi ni kweli, supamaketi ya Nakumatt ilipokufa, wadai walipiga kura ifungwe Januari 2020, halafu Tuskys nayo ikayumba, watu wenye uzoefu wa miaka mingi kwenye kaunta walimwagika mtaani na kila meneja anajua hivyo. Ndiyo silaha yao kubwa kuliko zote.

Basi mimi nikaenda kusoma kandarasi yangu upya, neno kwa neno, na Sheria ya Ajira ya 2007 nikaishusha kwenye simu, iko bure na haihitaji uwe wakili. Kifungu cha 19 kinataja vitu ambavyo mwajiri anaruhusiwa kukata, na shoti imo, ila soma masharti yake vizuri. Lazima iwe imetokana na uzembe ama udanganyifu wa mfanyakazi mwenyewe, na lazima kandarasi ya huyo mfanyakazi iseme waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Na kandarasi yangu inasema mimi ni nani? Mhudumu wa duka. Hakuna neno keshia popote, hakuna neno pesa ila pale kwenye mshahara wangu.

Hapo ndipo nikaelewa mchezo mzima. Kwa nini wasituandike keshia wakati tunakaa kaunta kutwa? Kwa sababu amri ya mishahara ya serikali ina kiwango cha keshia, na kwa Nairobi na Mombasa baada ya nyongeza ya 2022 kilikuwa kimepita 34,000. Kibarua wa kawaida kilikuwa 15,201.65. Ukiandikwa mhudumu wa duka, 18,000 inaonekana kama wamekufanyia hisani. Kwa hivyo siku ya mshahara mimi si keshia, na siku ya shoti mimi ni keshia. Haiwezekani iwe zote mbili, wachague moja. Hilo ndilo nililolishikilia mwanzo mpaka mwisho na nawaomba na nyinyi mlishikilie, manake ukienda kulalamika tu kwamba mshahara ni mdogo na makato ni mengi utasikilizwa kwa huruma na utarudi nyumbani vivyo hivyo.

Nikaanza kuweka kumbukumbu. Daftari dogo la shule, nimeingia saa ngapi nimetoka saa ngapi, nani alinishika kaunta wakati wa chakula na alikaa muda gani. Rosta ikibandikwa karibu na makabati yetu naipiga picha. Karatasi ya kufunga kaunta naipiga picha kabla sijaisaini. Na asubuhi nikawa sikubali kuanza kabla pesa za chenji hazijahesabiwa mbele yangu na supavaiza akasaini, na mchana vilevile, kabla mwenzangu hajakaa tunahesabu. Foleni ilikuwa inalalamika na supavaiza alikuwa ananuna, nilimwambia kwa adabu, kaka mimi nalinda mali ya kampuni. Hakuwa na la kusema.

Wenzangu watatu wakaanza kufanya hivyo hivyo, na baada ya muda tukaenda pamoja ofisi ya leba. Watu wanaiogopa hii ofisi wakidhani ni ya matajiri ama lazima utoe kitu kidogo. Sisi hatukutoa kitu. Unaeleza, wanaandika, afisa anamwandikia mwajiri barua ya kumwita. Afisa wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole lakini hacheki ovyo, alizichukua peislipu zetu akazipanga kwa miezi, akaweka kandarasi kando yake, akasoma kimya halafu akauliza, nyinyi mnafanya kazi gani hasa? Tukamwambia keshia. Akauliza tena, imeandikwa wapi? Nikajua ameiona.

Siku ya kukutana, kampuni ilimleta mtu wa HR na meneja wa tawi. Yule wa HR alianza kwa kusema makeshia wote wanajua wajibu wao juu ya pesa. Afisa akamwambia sawa, kama ni makeshia basi tuhesabu tofauti ya mshahara wao na kiwango cha keshia tangu walipoajiriwa. Jamani kile chumba! Akaomba watoke nje wapige simu. Waliporudi msimamo ulikuwa umebadilika, ati hawa ni wahudumu wa duka wanaosaidia kaunta, na kampuni iko tayari kurudisha shoti zote zilizokatwa na kuacha kukata kuanzia mwezi huo mpaka utaratibu mpya utakapowekwa. Yaani waliona bora warudishe shoti kuliko kukubali neno keshia. Tulisaini kwa shoti, ila afisa akaandika wazi kwamba dai la kiwango cha mshahara halijafungwa. Hicho kipengele msisahau kukiomba, kwa sababu wanapenda sana ile sentensi ya kwamba mfanyakazi amelipwa na hana dai lolote tena. Ukiisaini hiyo umefunga mlango wako mwenyewe.

La pili lilikuwa ovataimu, na hapa daftari ndilo lililofanya kazi. Saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, toa saa moja ya chakula, ni saa 11, mara siku sita ni saa 66. Amri ya mishahara inayotumika kwa jumla inasema saa 52 kwa wiki, zaidi ya hapo ulipwe mara moja na nusu, na siku yako ya mapumziko ama sikukuu mara mbili. Hesabu ya saa moja inapatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 225. Kwa 18,000 ni shilingi 80, mara moja na nusu ni 120. Saa 14 za ziada kila wiki ni 1,680. Kila wiki! Na hapo sijatia usiku wa kuhesabu stoki tukitoka saa nane za usiku. Kampuni ikasema hakuna ovataimu iliyoidhinishwa. Afisa akaomba rekodi za mashine ya kidole, manake kuweka rekodi ni jukumu la mwajiri na si la mfanyakazi, wakaleta za miezi michache tu, na za hiyo michache zililingana na daftari langu. Mimi na mwenzangu mwenye picha za rosta tulilipwa sehemu kubwa. Wale wawili waliokuwa wameandika kidogo walipata kidogo, na inaniuma mpaka leo kwa sababu tulisimama saa zile zile kwenye sakafu ile ile.

Mwisho wa kandarasi ukafika, zile za miezi mitatu mitatu ambazo zikiisha unakalishwa nyumbani wiki halafu unaitwa upya ili usihesabike wa kudumu. Safari hii wenzangu waliitwa na mimi sikuitwa. Nikarudi kwa afisa siku hiyo hiyo. Kifungu cha 46 cha ile Sheria ya Ajira kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kuachishwa kazi, na afisa akapiga simu moja tu, nikarudi kazini, wakanihamisha kaunta ya mwisho karibu na mlango ambako feni haifiki. Nilikaa hapo hapo na nikafanya kazi yangu vizuri.

Ila wapo ambao haya yote hayawafikii. Wale unaowaona wakipanga sabuni na mafuta wamevaa tisheti za kampuni za bidhaa, wengi si wa supamaketi, wameletwa na masaplaya, na supamaketi inawatuma kama wake. Mamlaka ya Ushindani iliiadhibu chaini moja kubwa Desemba 2023, na kati ya mambo yaliyotajwa ni kulazimisha masaplaya kuweka watu wao dukani. Kijana wa namna hiyo akionewa anamlalamikia nani? Huku wanamwambia wewe si wetu, kule wanamwambia meneja wa duka ndiye bosi wako. Wanahitaji kusaidiwa zaidi yetu.

Kuhusu kiwango cha keshia bado tuko vitani. Leba imetuambia hilo ni bora lije kupitia chama, na chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula kipo, KUCFAW, lakini ili mwajiri alazimike kukitambua lazima kiwe kimesajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili. Tunasainisha Fomu S, ile ya kukubali kukatwa ada ya chama, wakati wa chakula na kwenye matatu tukirudi. Tawi letu tumeshavuka nusu, Likoni wanakaribia. Tatizo ni matawi ya bara ambako hatujui mtu. Kama uko kwenye kaunta huko bara na kandarasi yako inasema mhudumu wa duka, itoe uisome leo, halafu tafuta shop stiwadi, yaani mwakilishi wa chama kazini, aliye karibu nawe umwombe fomu.